Injini ya Watu Wawili

Nilipoolewa katika boma lile, upande wa juu wa mji wa Nyamira, niliikuta injini pale kama unavyowakuta mashemeji: hukuwachagua, wapo, na unatakiwa kuwazoea. Ilikuwa ya dizeli, nyeusi kwa grisi, imefungwa kwa bolti kwenye sakafu ya saruji ndani ya kibanda cha mabati. Kila ubavu ulikuwa na gurudumu zito la chuma lililonifika kifuani. Pipa la maji ya kuipoza lilisimama nyuma yake, na mkanda mrefu wa turubai ulipenya tundu la ukuta hadi chumba cha pili, kwenye kinu cha mawe. Siku ya kwanza ilipowashwa nilidhani mlima unaporomoka. Nilitoka nje mbio na sufuria mkononi, na wanawake wakacheka mpaka wakashika mbavu.

Ilitoka wapi? Umuulize nani? Baba mkwe wangu alisema ilitoka kiwanda cha chai upande wa Kericho, enzi za kabla ya stima. Alisimulia kwamba kule injini moja kama hii ilizungusha mhimili mrefu uliopita chini ya paa, na kutoka kwenye mhimili ule mikanda ikashuka kwa kila mashine: ya kusokota majani, ya kuyachekecha, ya kupuliza hewa ya moto. Injini ikizima, kiwanda kizima kinakaa kimya na wazungu wanatukana. Mama mkwe wangu naye alisema mzee anaota, ilitoka kwa kinu cha mbao. Jirani yetu mwenye duka aliapa kwamba iliwahi kusaga miwa ya sukari guru. Kulikuwa na kibati cha maandishi ubavuni mwake, lakini kilikuwa kimesuguliwa kwa matambara miaka mingi hadi kikabaki kinang'aa tu, hakisemi kitu. Kila mtu alikuwa na injini yake. Mimi nikaamini zote, kutegemea aliyekuwa karibu.

Jambo ambalo halikuwa na ubishi ni unga wake. Mawe yale yalisaga wimbi taratibu, unga ukatoka wa baridi, laini. Wanawake walisema kinu cha stima cha sokoni kinachoma wimbi hadi ugali unanuka masizi. Mzee aliyachonga mawe mwenyewe kwa patasi yakianza kuwa butu, ameketi kwenye kigoda, vumbi jeupe limemjaa kwenye nyusi.

Kuiwasha kulitaka watu wawili. Mmoja anazungusha hendeli kwa mikono miwili mpaka yale magurudumu yashike mwendo. Mwingine anasimama kando yake, bega kwa bega, mkono juu ya kijiti kidogo cha chuma kilicho kichwani mwa injini. Kijiti kikiwa juu, injini inahema tu, haina nguvu. Kikiangushwa kwa wakati wake, inakohoa moshi na kushika. Kikiangushwa mapema, hendeli inarudi nyuma kwa kishindo na kuvunja mkono wa mtu. Kijana mwenye misuli anaweza kufanya yote mawili peke yake, lakini mzee alikuwa ameacha kuwa kijana zamani. Mwenye mkono juu ya kijiti alikuwa mama mkwe wangu. Hawakuhesabu wala kupeana ishara. Mzee anazungusha, anatoa pumzi, mama anaangusha. Halafu anajifuta mkono kwenye kanga na kwenda kupokea vikapu.

Mama mkwe wangu alipofariki, injini ilinyamaza naye. Mzee alimwajiri kijana mmoja, kijana akakiangusha kile kijiti kabla ya wakati, hendeli ikaruka na kukosa kidevu cha mzee kwa upana wa kidole. Kijana akaenda kuendesha bodaboda, akasema huko ndiko kuna usalama. Haya basi! Watu wakashuka sokoni kwa kinu cha stima, na sisi tukabaki na chuma kilichokaa gizani.

Sasa lazima niseme habari zangu, maana bila hizo hamtaelewa kwa nini nilichanganyikiwa kiasi kile. Mume wangu yuko Mombasa. Nasema yuko kwa sababu ndivyo asemavyo mwenyewe. Alikuja kumzika mama yake, akarudi, na tangu hapo nikawa namsikia kwenye simu kama unavyosikia redio ya jirani. Ndugu zake wako Nairobi na Nakuru. Dada zake wameolewa mbali. Katika boma lile tulibaki mimi, mabinti zangu wawili na mzee. Kila asubuhi mzee alipita nje ya uzio wangu, akakohoa, nikatoka, akauliza watoto wameamkaje huku anaangalia majani ya chai. Jioni nilimpelekea chakula kwa mkono wa binti yangu. Kwa kikohozi hicho na sahani hiyo nilijua bado mimi ni mtu wa boma. Mwanamke ambaye mumewe harudi anaishi kwa vitu vidogo vya namna hiyo, msinicheke.

Mtashangaa kwa nini aliangalia majani ya chai. Ni ensoni. Ensoni kwetu Wakisii ni aibu na ni heshima, vyote kwa mpigo. Baba mkwe haingii nyumba ya mwanawe aliyeoa. Hamshiki mkono mke wa mwanawe, hasimami naye wakagusana bega, wala hamkazii macho. Na si mke wa mwanawe wa kuzaa tu: mke wa kila mwana wa ukoo ni mkaza mwana wake. Wanawake wote tulioolewa katika kilima kile tulikuwa wakaza wana wa mzee, hata wengine wenye mvi kumzidi. Tunasali Jumamosi, tunaimba kwamba mambo ya kale yamepita, na baada ya ibada kila mtu anampisha mkwewe njiani. Mimi natoka Keumbu, pale barabarani, na sisi watu wa barabarani tuna midomo, lakini kwa jambo la ensoni hata mimi nilikuwa nafunga wangu.

Halafu transfoma ya sokoni ikalipuka wakati wa mvua. Kinu cha stima kikafa. Wakasema mafundi watakuja, mafundi hawakuja, na ilipofika Ijumaa mabakuli ya unga yalikuwa matupu kilima kizima. Mnajua Ijumaa ya Wasabato? Jua likizama, kazi imekwisha, hakuna kusaga, hakuna kuwasha kitu. Mchana wanawake wakaanza kuingia uwanjani kwa mzee na vikapu vya wimbi na mahindi kichwani. Wanaume walikuwa kwenye senta ya chai, wakingoja lori la kiwanda lililokwama kwenye matope. Hakubaki dume hata moja la kushika kijiti.

Nilisikia kikohozi nje ya uzio, na haikuwa saa yake. Nikatoka.

"Mama," mzee akasema, anaangalia chai, "wanawake wamejaza uwanja."

"Nimewaona, Tata." Tata ni baba, ndivyo tunavyomwita.

"Hakuna wa kukaa kwenye kijiti."

Unajibu nini? Akangoja, kisha akasema, "Njoo wewe."

Jamani! Nilibaki nimesimama kama mti. Kwa nini mimi? Uwanja mzima ulikuwa umejaa wakaza wana wake, na kama ni aibu, kwetu sote ilikuwa ileile. Nikafikiri: labda ameniona kama binti yake wa kumzaa. Moyo ukanipanda. Kisha wazo la pili likaja, nalo lilikuwa baya. Labda kwa mzee mimi si mke wa mtu tena. Mume amenitupa, kila mtu anajua, na mwanamke asiye na mume hana mkwe wa kumwonea haya. Unaweza kumsimamisha popote, kama ngazi. Nilitembea nyuma yake kuelekea kibandani nikiwa na mawazo hayo mawili, na sikujua nishike lipi.

Mlangoni mzee akasimama. "Nimefikiria kamba," akasema.

Alikuwa amefunga kamba ya ng'ombe kwenye kijiti, akaipitisha chini ya bomba na kuivuta hadi mlangoni. Mimi nitasimama nje nimekipa kibanda mgongo. Yeye atazungusha hendeli ndani. Akisema sasa, nitavuta. Hatutakaribiana, hatutaangaliana, na unga utapatikana. Wanawake wakaitikia kwa vichwa, wengine wakapiga makofi kidogo. Nami, Mungu anisamehe, nilifurahi. Niliona tumeishinda mila na mashine kwa pamoja. Penye wengi hapaharibiki neno, sivyo? Tulikuwa wengi sana pale, na hakuna hata mmoja aliyeuliza kamba itaenda wapi magurudumu yakianza kuruka.

Nikaizungushia kifundoni mwa mkono isiniteleze. Nikasikia hendeli ikilia, magurudumu yakianza kunguruma polepole, kisha kwa kasi. Nikasikia mzee akitoa pumzi. "Sasa!" Nikavuta. Kijiti kikaanguka, injini ikakohoa mara moja, ikakohoa tena, ikashika. Wanawake wakapiga vigelegele. Kamba ikalegea mkononi mwangu, ikalala chini, na kabla sijageuka kitu kikanivuta kwa nguvu ambayo sijawahi kuisikia mwilini. Gurudumu lilikuwa limeimeza ile kamba. Niliingia kibandani kinyumenyume, visigino vinabururika, mkono umenyooka nyuma yangu kuelekea kile chuma kinachozunguka, na nilichoona ni weusi tu na moshi.

Mzee alinikumbatia. Sina neno jingine. Alinishika kiunoni kwa mikono yote miwili, akakaza mguu kwenye saruji, akanivuta kifuani pake kwa nguvu zake zote za uzee. Kamba ilikuwa imeoza upande mmoja. Ikakatika. Tukaanguka chini wote wawili kwenye pumba, mimi juu ya miguu yake, kifundo changu kimechunika ngozi, na mlango mzima umejaa nyuso za wanawake.

Injini tu ndiyo iliyosema, tuku tuku tuku, kwa raha zake. Mzee akainuka, akajipangusa. Aliangalia injini, akaangalia mkanda, mkanda ulikuwa unazunguka vizuri. Kinu kilikuwa tayari. Basi tukafanya nini? Tukasaga! Nilifunga kitambaa kifundoni nikaingia chumba cha kinu, nikamimina wimbi la huyu na la yule, damu inapenya kwenye kitambaa, na kila mwanamke alipokea unga wake akiangalia miguu yangu. Kabla jua halijazama mzee aliizima. Akaondoka bila kukohoa.

Tangu siku hiyo hakupita tena kwenye uzio wangu. Nilipompelekea chakula, sahani ilirudi imejaa. "Babu anasema ameshiba," binti yangu akaniambia. Ameshiba nini? Kesho yake ikarudi tena. Nilimwona kwa mbali akipika mwenyewe, moshi unamtoa machozi, na nikiinua mkono kumsalimu anageuka. Kimya kingi kina mshindo mkuu, nami nilikaa nikingoja huo mshindo.

Nilimpigia mama yangu simu Keumbu. Akalia. Akasema tumeharibu, atafutwe mbuzi wa kututakasa, waitwe wazee, na hadi hapo nisimpikie mtu yeyote. Nilimwendea kiongozi wa akina mama kanisani. Huyo akasema mila ni giza, hakuna kosa lolote, nisali nilale. Kisha akaniambia kwamba Sabato ile ni afadhali nisikae kiti cha mbele. Mnaona? Hakuna kosa, lakini usikae mbele. Nikampigia mume wangu, nikamweleza yote tangu transfoma. Akauliza:

"Kwani mzee alikushika wapi?"

Weee! "Alinishika nisife," nikamwambia. "Wewe hujanishika hata kwa salamu tangu tumzike mama yako."

Akakata simu. Baadaye ujumbe ukaja katika kikundi cha familia kwenye simu, ndugu wote wakakubaliana mmoja baada ya mwingine: injini iuzwe vyuma chakavu kabla haijaua mtu. Na chini ya hapo mume wangu akaongeza, kwa upole kama mtu anayesaidia, kwamba mama watoto aende kwao kidogo akapumzike.

Kidogo. Nawajua wanawake walioenda kwao kupumzika kidogo. Wengine wamezikwa huko.

Hapo ndipo hasa nilipopotea. Ningejua mzee anafikiri nini, ningejua la kufanya. Kama amenikana, nitafunga vitu niondoke na kichwa changu juu. Kama hajanikana, watoto wake wa kwenye simu waseme mpaka betri ziishe, sitoki. Lakini mzee hakusema, na mtu hawezi kumuuliza mkwewe swali kama hilo usoni. Nilizunguka nyumba yangu nikikunja nguo za watoto, nikizikunjua, nikizikunja tena. Nilimchukia. Alikuwa ameniokoa, na nilimchukia kwa kunyamaza kwake, kisha usiku nikamwomba Mungu sahani irudi tupu.

Mnunuzi wa vyuma alikuja na lori kutoka upande wa Nyakoe, pamoja na wanaume wa kubeba, mitaimbo na minyororo. Alikuwa mtu mcheshi, mwenye sauti ya soko. Alizunguka injini akiipiga makofi kama anayenunua fahali, akasema hiki ni chuma cha zamani, siku hizi hawatengenezi kitu kizito hivi, kitakatwa vipande na kuyeyushwa. Wanawake waliokuwa wakirudi shambani walisimama uwanjani kutazama. Mimi nilisimama nyuma yao. Mfuko wangu ulikuwa umefungwa nyumbani, na mabinti zangu walikuwa wamevaa viatu.

Mzee alikuwa ameketi kwenye kigoda chake mlangoni mwa kibanda. Hakuinuka.

"Mzee, tupishe tufungue bolti," mnunuzi akasema.

"Mmeongea na nani?" mzee akauliza.

"Wanao. Wote wameshakubali. Mkubwa alinipigia mwenyewe."

Mzee akawatazama wale wabebaji mmoja mmoja. Kisha akasema, si kwa sauti kubwa, "Wanangu waliokubali hawapo hapa. Aliyepo hajaulizwa."

"Nani huyo?"

Mzee akainua macho, akayapitisha juu ya vichwa vya wanawake, akanitazama mimi. Usoni. Mchana kweupe, mbele ya watu wote. Akaninyooshea kidevu.

Nilijigeuza nione ni nani aliyesimama nyuma yangu. Nyuma yangu kulikuwa na ukuta wa choo. Nilipogeuka tena, wanawake walikuwa wamefungua njia katikati, na mnunuzi ananijia akitabasamu.

"Haya, mama," akasema. "Kumbe wewe ndiye. Unasemaje?"

Kichwani mambo yalinipita ovyo: sahani zilizorudi, kiti cha mbele kanisani, sauti ya mume wangu ikiuliza wapi. Nilimtazama mzee anisaidie, lakini alikuwa ameshageuka anaangalia chai. Machozi yakanitoka, na nilikasirika kwamba yananitoka mbele ya mtu wa vyuma chakavu.

"Haiuzwi," nikasema.

"Mama, tuzungumze basi, kila kitu kina bei..."

"Nimesema haiuzwi! Na uondoe hilo lori. Gurudumu lako limekanyaga mboga yangu ya chinsaga."

Nilisema "yangu". Neno lilitoka tu, na nikabaki nimesimama pale nikingoja mtu anirekebishe: mzee, au mmoja wa wale wanawake, au hata huyo mgeni. Dereva akapanda, akaliwasha lori, akaanza kulirudisha nyuma polepole, akiniangalia mimi nimwonyeshe njia.